Kusoma Makala za Riccardo Giacconi: Niliyojifunza kuhusu Uzito wa Utafiti

Swali ambalo wanafunzi wangu wa uzamili huniuliza kuliko mengine yote ni hili: mtu atajuaje kwamba utafiti fulani umekuwa na uzito katika taaluma? Wengi wao huja wakiwa wameshazoea kuhesabu. Wanajua kwamba makala inayonukuliwa mara nyingi na makala nyingine huhesabiwa kuwa na athari kubwa, na wanakijua kipimo cha h ambacho mwanafizikia Jorge Hirsch alikipendekeza mwaka 2005, ambapo mtafiti hupata 20 iwapo makala zake 20 zimenukuliwa angalau mara 20 kila moja. Mimi nafundisha fizikia na nimekaa katika kamati za kupima kazi za wenzangu, kwa hiyo sivipuuzi vipimo hivyo. Hata hivyo uelewa wangu wa jambo hili ulijengwa na kazi nyingine, nayo ni kufuatilia, makala baada ya makala, maandishi ya mwanaastronomia mmoja, Riccardo Giacconi, aliyezaliwa Genoa, Italia, mwaka 1931, akaishi na kufanya kazi sehemu kubwa ya maisha yake Marekani, akapewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2002, na akafariki mwaka 2018.

Nilifika kwake kwa njia ya tasnifu. Msimamizi wangu alinipa nyota pacha iitwayo 4U 1700-37, ambayo ni nyota kubwa yenye joto kali, HD 153919, inayozungukana kila baada ya siku 3.4 na kitu kidogo kizito kinachotoa eksirei nyingi. Nilikuwa na hamu ya kuanza hesabu mara moja, lakini yeye alinikalisha chini akaniambia, "Mwanangu, usiandike hata sentensi moja kuhusu nyota hii kabla hujajua jina lake limetoka wapi." Nilikwenda kutafuta. Tarakimu zile ni anwani ya nyota angani, yaani saa 17 na dakika 00 kwa kipimo cha mashariki-magharibi, na nyuzi 37 kusini mwa ikweta ya anga. Herufi U ni ya Uhuru, setilaiti ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya astronomia ya eksirei peke yake, na namba 4 inaonyesha kwamba hii ni orodha ya nne ya vyanzo vilivyogunduliwa na setilaiti hiyo. Orodha hiyo ilichapishwa mwaka 1978 ikiwa na vyanzo 339. Mwandishi wake wa kwanza ni William Forman, wakifuata wengine kadhaa, na jina la mwisho kabisa ni la Giacconi.

Kutoka kwenye orodha ile nilirudi nyuma, kwa sababu msimamizi wangu aliamini, na sasa mimi pia naamini, kwamba makala haieleweki vizuri mpaka umeisoma ile iliyoitangulia. Nyuma kabisa nilikuta makala ya mwaka 1960 ambayo Giacconi aliandika pamoja na Bruno Rossi, wakieleza jinsi darubini ya eksirei inavyoweza kutengenezwa. Eksirei hupenya kioo cha kawaida badala ya kuakisiwa nacho, lakini zikigonga uso laini kwa pembe ndogo sana, karibu sambamba na uso wenyewe, huakisiwa, na vioo vikiwekwa kwa umbo linalofaa vinaweza kuzikusanya mahali pamoja. Jambo lililonishika ni tarehe. Mwaka 1960 hakuna mtu aliyekuwa amegundua chanzo chochote cha eksirei nje ya mfumo wa jua letu. Watu wawili walikaa wakasanifu chombo cha kutazamia kitu ambacho hakikuwa na uthibitisho kwamba kipo, wakachapisha usanifu huo ili mwingine yeyote autumie.

Uthibitisho ulikuja usiku wa tarehe 18 Juni 1962, kwa roketi ya Aerobee iliyorushwa kutoka White Sands, New Mexico. Angahewa ya dunia hufyonza eksirei zote zinazotoka angani, ndiyo maana ilibidi vifaa vipelekwe juu. Roketi ilikaa juu ya kilomita 80 kwa sekunde 350 tu. Lengo lililotajwa lilikuwa kutafuta eksirei kutoka mwezini. Badala yake vifaa vilipokea mionzi mikali kutoka upande wa kundinyota la Nge, chanzo ambacho leo tunakiita Sco X-1, na pamoja nayo mwanga hafifu wa eksirei uliotanda kila upande wa anga. Makala iliyotokana na sekunde zile ilitoka Desemba mwaka huohuo ikiwa na majina manne: Giacconi, Herbert Gursky, Frank Paolini na Rossi. Ni kurasa chache mno. Nimewasomesha wanafunzi makala hii mara nyingi, na kila mara nawataka watazame jinsi waandishi wanavyozifunga njia za makosa moja baada ya nyingine, wakiuliza kama ni chembe za umeme, kama ni mwanga wa urujuanimno, kama ni kitu kinachotoka katika angahewa yenyewe, kabla ya kuthubutu kusema kwamba chanzo kiko nje ya mfumo wa jua. Ugunduzi ulioanzisha tawi zima la sayansi umeandikwa kwa sauti ya chini, na kila dai limepimwa kwa kadiri ya ushahidi uliopo. Uandishi wangu mwenyewe wa kitaaluma niliujenga upya kwa kuiga makala ile.

Kuna andiko jingine ambalo sikulikuta katika hazina yoyote ya makala, bali nililifahamu kwa kusoma mhadhara wake wa Nobel. Mnamo Septemba 1963 yeye na Gursky waliwasilisha NASA mpango wa kazi. Ndani yake kulikuwa na setilaiti ya kupekua anga lote, na baadaye, mwisho wa ngazi, darubini ya eksirei yenye kipenyo cha mita 1.2. Setilaiti ya kupekua anga ikawa Uhuru, miaka saba baadaye. Darubini ya mita 1.2 ni Chandra, iliyorushwa Julai 1999, miaka 36 tangu mpango uandikwe. Andiko hilo halikuchapishwa katika jarida, kwa hiyo haliingii katika hesabu ya nukuu, na mtu atakayepima kazi ya Giacconi kwa namba peke yake atalikosa kabisa, ilhali kwa maoni yangu ni miongoni mwa maandishi yake yaliyozaa matunda makubwa zaidi.

Uhuru ilirushwa kutoka pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikitimiza miaka saba ya uhuru, roketi ya Scout iliondoka kwenye jukwaa la San Marco, mali ya Waitaliano, lililosimamishwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Jina lilipendekezwa na Marjorie Townsend, msimamizi wa mradi upande wa NASA. Wengi wa kwetu wanalifahamu tukio hili kama habari ya kujivunia, na ni haki yao, lakini nimegundua kwamba wachache wameelezwa kwa nini Malindi ilihitajiwa kisayansi. Karibu na ikweta roketi hupata msaada mkubwa zaidi wa mwendo wa dunia inayojizungusha, na setilaiti inaweza kuwekwa katika njia inayofuata ikweta, ikainama nyuzi tatu tu. Njia hiyo hukwepa sehemu kubwa ya eneo la Atlantiki ya Kusini ambako mikanda ya mionzi inayoizunguka dunia hushuka chini na kuvisumbua vifaa vya kuhesabia eksirei. Kwa hiyo usafi wa data zilizomo katika makala za mwaka 1971 na 1972 ulitokana, kwa kiasi fulani, na latitudo ya pwani ya Kenya. Mwalimu wa jiografia na mwalimu wa fizikia wanaweza kulifundisha somo hili pamoja, na laiti wangelifanya.

Makala za miaka hiyo miwili ndizo nilizozisoma kwa muda mrefu kuliko nyingine. Bora kati yake, kwangu mimi, ni zile zinazohusu Centaurus X-3. Mwaka 1971 kikundi cha Giacconi kilitangaza kwamba chanzo hicho kinapiga kwa mdundo wa kila sekunde 4.8 hivi. Pulsa za redio, yaani vyanzo vinavyotuma mawimbi ya redio kwa mdundo, zilikuwa zimegunduliwa miaka michache kabla, na zilieleweka kuwa nyota za nyutroni, yaani mabaki madogo na mazito ya nyota kubwa zilizokufa, zinazojizungusha na kupoteza nguvu polepole, kwa hiyo mtu angeweza kusema hiki ni kitu cha aina ileile na kufunga mjadala. Hawakufunga. Waliendelea kukusanya data, wakaona kwamba mdundo unakaribiana na kuachana kwa zamu katika kipindi cha siku 2.1, jinsi ambavyo ungefanya ikiwa chanzo kinatujia na kutuacha, na kwamba katika kila kipindi kuna muda ambao eksirei hupotea kabisa, jinsi ambavyo zingepotea ikiwa kuna nyota kubwa inayopita mbele. Makala ya mwaka 1972, ambayo mwandishi wake wa kwanza ni Ethan Schreier, ilihitimisha kwamba ni nyota pacha. Kisha likaja jambo la ajabu zaidi: kwa muda mrefu mdundo ulikuwa ukizidi kuwa wa haraka. Nyota inayotumia nguvu ya mzunguko wake haiwezi kuongeza kasi. Lazima kuna kitu kinachoisukuma, nacho ni gesi inayochotwa kutoka kwa nyota mwenzake, inayoanguka kwa mwendo wa kutisha na kupata joto la mamilioni ya nyuzi. Mwanaastronomia wa Kisovieti Iosif Shklovsky alikuwa amelipendekeza wazo hilo mwaka 1967 kwa ajili ya Sco X-1. Makala za Uhuru ndizo zilizolipa ushahidi ambao haukuweza kupingwa, na Hercules X-1, yenye mdundo wa sekunde 1.24, ikaja kuutilia nguvu.

Habari ya Cygnus X-1 inajulikana zaidi, nami nitaitaja kwa ufupi. Uhuru ilionyesha kwamba eksirei zake hubadilika kwa kasi chini ya sekunde moja, vipimo vya redio vikasaidia kuonyesha mahali pake hasa, na mwaka 1972 Louise Webster na Paul Murdin kule Uingereza, na Tom Bolton kule Kanada, wakaonyesha kwamba nyota inayoonekana mahali hapo inazungukana na kitu kizito kisichoonekana. Hilo ndilo shimo jeusi la kwanza kukubaliwa na wengi. Hakuna hata mmoja wa watatu hao aliyekuwa katika kikundi cha Giacconi.

Nilipoanza kufuatilia nukuu za makala hizi kwa kutumia hazina ya ADS, inayotunzwa na wanaastronomia wa Harvard na Smithsonian kwa fedha za NASA, niliona jambo lililonifikirisha sana. Makala inayonukuliwa kupita kiasi kutoka kipindi hicho si ya Uhuru. Ni ya mwaka 1973, ya Nikolai Shakura na Rashid Sunyaev wa Moscow, inayoeleza kinadharia jinsi gesi inavyounda sahani kulizunguka shimo jeusi na kung'aa. Ni miongoni mwa makala zinazonukuliwa zaidi katika astrofizikia yote, na inastahili. Lakini nadharia hiyo ilipata msukumo wake katika miaka ambayo Uhuru ilikuwa ikileta nyota pacha za eksirei moja baada ya nyingine. Mtafiti kijana anayeandika leo kuhusu sahani ya gesi atawanukuu Shakura na Sunyaev bila kusita, na hataona haja ya kumnukuu Schreier wala Giacconi, kwa sababu kwamba nyota pacha za eksirei zipo ni jambo ambalo sasa kila mtu analijua. Ugunduzi ukishakuwa maarifa ya wote, nukuu zake hupungua. Naliona hilo kuwa moja ya dalili za athari kubwa kabisa, ingawa katika jedwali la namba huonekana kama kusahauliwa.

Orodha ya mwaka 1978 imepata hatima kama hiyo. Inanukuliwa, ndiyo, lakini mara nyingi zaidi inatajwa bila kunukuliwa, kwa sababu kila anayeandika 4U 1820-30 au 4U 1636-536 katika kichwa cha makala yake anatumia kazi ya Forman na wenzake hata kama hakuweka marejeo. Mfano ninaoupenda ni 4U 0142+61. Walioiorodhesha waliweka mahali pake na kiasi cha mwanga wake. Miaka mingi baadaye ikaja kueleweka kuwa ni magineta, nyota ya nyutroni yenye usumaku mkali kuliko karibu kila kitu kingine tunachokifahamu, na mwaka 2022 darubini ya IXPE ikawa ya kwanza kupima mwelekeo wa mawimbi ya eksirei kutoka kwa magineta, ikiitazama hiyohiyo. IXPE, iliyorushwa Desemba 2021, nayo huifuata ikweta kwa sababu zilezile zilizoipeleka Uhuru katika njia yake, na kituo chake kikuu cha kupokelea data ardhini kiko Malindi. Nilipowaonyesha wanafunzi jambo hili, mmoja wao, ambaye kwao ni Kilifi, alisema, "Mwalimu, kumbe zile sahani kubwa ninazozipita nikienda kwa shangazi ndizo zinazopokea?" Nikamwambia ndizo. Mwaka uliofuata aliomba kuandika tasnifu ya eksirei.

Suala la mpangilio wa majina linanigusa kwa sababu nimeliona likiumiza watu. Katika makala ya Schreier ya mwaka 1972 Giacconi ni wa mwisho. Katika makala ya Harvey Tananbaum kuhusu Hercules X-1, mwaka huohuo, ni wa mwisho tena. Katika orodha ya nne, wa mwisho. Kiongozi wa kikundi, ambaye alikuwa amebeba wazo hilo tangu mwaka 1963, aliwaachia vijana waliofanya uchambuzi nafasi ya mbele, na kadhaa kati yao wakaja kuwa viongozi wakubwa wa taaluma. Niliwahi kukaa katika kamati moja ambamo kanuni ilikuwa kumpa mwandishi wa kwanza alama nyingi na anayefuata alama kidogo zaidi, hadi wa mwisho apate sehemu ndogo kabisa. Kwa kanuni ile kiongozi wa Uhuru angepata alama za msaidizi, na mhadhiri mwenye busara angejifunza haraka kutomwachia mwanafunzi wake nafasi ya mbele. Nilisema hivyo kikaoni, nikitumia makala hizi kama mfano, na wenzangu walinisikiliza ingawa kanuni haikubadilika mwaka ule.

Kuna upande mwingine wa kazi yake ambao mimi binafsi nimefaidika nao kuliko wote. Darubini ya Einstein, iliyorushwa Novemba 1978 chini ya uongozi wake kisayansi, iligawa muda kwa watafiti wageni kutoka vyuo mbalimbali, wakiwamo ambao hawakuwahi kugusa kifaa cha eksirei. Mwaka 1981 akawa mkurugenzi wa kwanza wa taasisi inayoendesha shughuli za kisayansi za darubini ya Hubble kule Baltimore, ambako alisisitiza kwamba data zitoke zikiwa zimesafishwa na kupimwa, na ziwekwe katika hazina ambamo yeyote anaweza kuzichukua ukishapita muda ambao aliyeomba darubini ana haki ya kuzitumia peke yake. Tasnifu yangu ilitegemea data za namna hiyo. Sikuomba muda wa darubini yoyote, wala chuo chetu hakikuwa na fedha za kunipeleka popote. Nilipakua mafaili kwa usiku, mtandao ulipokuwa mwepesi, na makala za zamani za jarida la Marekani la astrofizikia nilizisoma bure, kurasa zikiwa zimepigwa picha na ADS. Makala ya mwaka 1962 peke yake, iliyokuwa katika jarida la kulipia, ililetwa na msimamizi wangu akiwa na nakala yake ya karatasi. Hakuna kipimo cha h kinachohesabu mwanafunzi wa Afrika Mashariki aliyeweza kumaliza shahada kwa sababu mtu fulani, miongo kadhaa kabla, alipigania data ziwe wazi.

Ule mwanga hafifu uliotanda angani mwaka 1962 ulibaki fumbo kwa karibu miaka 40. Baada ya Chandra kurushwa, Giacconi, akiwa amepita umri wa miaka 65, aliongoza kikundi kilichoielekeza darubini hiyo kwenye eneo moja dogo la anga la kusini, dogo kuliko duara la mwezi mpevu, kwa jumla ya sekunde milioni moja. Orodha waliyoichapisha mwaka 2002 ilikuwa na vyanzo 346 katika eneo hilo, zaidi ya vile ambavyo Uhuru ilivipata katika anga lote. Mwanga uliotanda uligeuka kuwa, kwa sehemu kubwa, jumla ya vyanzo vingi vya mbali, hasa mashimo meusi makubwa yanayokula gesi katikati ya galaksi. Nawaomba wanafunzi waisome makala hiyo siku moja na ile ya 1962, wakizilaza pamoja mezani, kwa kuwa jina lilelile la kwanza liko juu ya zote mbili, na swali lililoachwa wazi katika ya kwanza limejibiwa katika ya pili.

Katika kamati ninayokaa sasa tumekubaliana kuongeza sehemu moja kwenye fomu ya maombi ya kupandishwa cheo, ambapo mwombaji anaeleza orodha, data, programu au vifaa alivyoandaa kwa matumizi ya wengine, na ni akina nani wamevitumia. Wa kwanza kuijaza alikuwa mwenzetu wa botania aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kuandaa orodha ya mimea ya mikoko. Makala zake ni chache. Wajumbe wawili waliuliza sehemu hiyo itageuzwaje kuwa alama, na kwa kweli bado tunajadiliana, kwa sababu ukiigeuza kuwa alama utakuwa umerudi kuhesabu, na usipoigeuza mwombaji anabaki akitegemea huruma ya wajumbe. Pendekezo langu, ambalo litajadiliwa kikao kijacho, ni kwamba tuwaandikie moja kwa moja watu watatu walioitumia orodha, tuwaulize walifanya nini nayo ambacho wasingeweza kukifanya bila hiyo, na majibu yao yasomwe kwa sauti kabla ya mtu yeyote kufungua safu ya nukuu.